Dozi ni Ndogo? Basi Nionyesheni Nambari!

Wiki hii nilikuwa nimepanga kumalizia ile makala ya kuhifadhi nakala za hifadhidata, lakini itabidi ingoje. Kuna jambo limenikaa kooni na lazima nilitoe. Jambo lenyewe ni mamografia, yaani ile eksirei ya matiti inayopigwa ili saratani igunduliwe mapema, kabla haijaota mizizi. Najua mtauliza: wewe mwandika programu na eksirei ya matiti, wapi na wapi? Tulieni. Hii ni habari ya data, na data ndiyo inayonilisha.

Katika mjadala wa mamografia hapa kwetu kuna kambi mbili, na leo nagombana na zote mbili.

Kambi ya kwanza ni ya wale wanaosambaza jumbe za WhatsApp: "Akina mama jihadharini, ile mashine ndiyo inayoleta saratani!" Hakuna kipimo, hakuna hesabu, ni hofu tupu iliyosambazwa mara elfu. Kambi ya pili ni ya wataalamu wanaojibu: "Dozi ni ndogo, msiwe na wasiwasi." Nakubali kwamba kambi ya pili iko karibu zaidi na ukweli. Lakini hebu tazameni vizuri. Nao pia hawataji nambari! Mmoja anasema ni nyingi, mwingine anasema ni ndogo, na mama aliyekaa pale kwenye benchi anaambiwa achague wa kumwamini kwa kuangalia nani amevaa koti jeupe.

Jamani, hii ni nchi ambayo ukimtumia mtu shilingi hamsini kwa M-Pesa unapata ujumbe papo hapo: umetuma kiasi gani, umekatwa kiasi gani, umebaki na kiasi gani. Ukinunua tokeni za stima unaambiwa umepata yuniti ngapi. Hata mizani ya buchari hukaguliwa na kupigwa muhuri na watu wa Vipimo na Mizani. Lakini mionzi ikipita kwenye mwili wa mama yako, risiti anayopewa ni ya pesa alizolipa tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya je?

Tuanze na kipimo chenyewe

Katika mamografia, dozi inayohesabiwa huitwa dozi ya wastani ya tezi. Titi lina mafuta, ngozi, na tezi zinazotengeneza maziwa. Sehemu ambayo mionzi inaweza kuidhuru zaidi ni zile tezi, kwa hivyo ndizo zinazohesabiwa. Kizio ni miligrei, kwa kifupi mGy.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui: dozi hiyo haipimwi moja kwa moja. Huwezi kuweka kipima mionzi ndani ya titi la mtu. Kinachopimwa ni mionzi inayofika juu ya titi, halafu nambari hiyo huzidishwa na vigezo. Fomula inayotumika sana Uingereza na Ulaya ilitokana na kazi ya David Dance na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1990 na kupanuliwa mwaka 2000:

D = K × g × c × s

K ni mionzi inayofika juu ya titi. g hubadilisha K kuwa dozi ya tezi, kwa titi la unene fulani ambalo nusu yake ni tezi na nusu ni mafuta. c husahihisha pale ambapo titi si la nusu kwa nusu. s husahihisha kulingana na aina ya mionzi, maana mashine yenye shabaha ya molibdenamu haitoi mionzi sawa na yenye shabaha ya tangsteni. Na vigezo hivyo vilipatikana wapi? Kwenye kompyuta! Ni mwigo wa Monte Carlo: mamilioni ya fotoni za kubuni zinarushwa kwenye titi la kubuni, halafu unahesabu nishati imebaki wapi. Waandika programu wenzangu, mnaona sasa kwa nini nimo humu?

Titi hilo la kubuni lilikuwa na matatizo yake. Mwaka 2009 Martin Yaffe na wenzake walichapisha makala katika jarida la Medical Physics wakaita wazi wazi dhana ya titi la nusu kwa nusu kuwa ngano tu, kwa sababu walipopima matiti halisi walikuta wanawake wengi wana tezi chache kuliko hiyo nusu. Halafu mfano wa Dance uliweka tabaka la milimita 5 juu ya tezi, ilhali vipimo vya skana ya CT vilionyesha ngozi ya titi ina unene wa karibu milimita 1.5. Tena mfano ulichanganya tezi na mafuta kama unga na maji, wakati katika titi halisi tezi hukusanyika zaidi katikati. Ndiyo maana mwaka 2024 wanafizikia wa tiba wa Marekani na Ulaya walitoa mfano mpya wa pamoja, uliojengwa juu ya picha za matiti halisi.

Kwa hivyo nambari inayoonekana kwenye skrini ya mashine si dozi ya mama fulani hasa. Ni dozi ya titi la mfano lenye unene kama wake. Kuna watakaorukia hapo na kusema, "Unaona? Nambari yenyewe ni ya kukisia, ya nini kuitoa?" La hasha! Rula ambayo kila mtu anaitumia kwa namna moja bado inakuonyesha nani mrefu na nani mfupi. Ukilinganisha mashine ya Kisumu na ya Mombasa kwa fomula ile ile, utajua ipi inatoa mionzi kuliko mwenzake. Hilo ndilo tunalolitaka.

Imani ya kuazima

Turudi kwa wale wa "dozi ni ndogo". Wanaitoa wapi imani hiyo? Hesabu moja inayotajwa sana ni ya Yaffe na Mainprize ya mwaka 2011, kutoka Toronto. Walichukua wanawake 100,000 wanaopigwa mamografia kila mwaka tangu miaka 40 hadi 55, kisha kila baada ya miaka miwili hadi 74, kila mmoja akipata 3.7 mGy kwa kila titi katika kila uchunguzi. Walikadiria kwamba mionzi hiyo ingesababisha saratani 86 na vifo 11 katika maisha ya wanawake hao wote. Maisha yanayotarajiwa kuokolewa kwa kugundua saratani mapema ni mengi kupita vifo hivyo kwa mbali sana. Kwa hivyo nasema bila kuuma maneno: mama akiambiwa na daktari wake aende kupimwa, aende! Wale wa WhatsApp wanaua watu kwa hofu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikadiria kwamba mwaka 2020 pekee Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya 6,799 wa saratani ya matiti. Huo si ugonjwa wa kuchezea.

Lakini someni tena ile hesabu. Iko pale 3.7 mGy. Nambari hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Ni wastani uliotokana na mashine za kidijitali za jaribio kubwa la Marekani na Kanada lililoitwa DMIST, ambalo dozi zake zilichapishwa mwaka 2010. Mashine hizo zilikuwa zinapimwa na wanafizikia na kumbukumbu zake kutunzwa. Kwa hesabu hiyo hiyo ya mstari ulionyooka, mashine inayotoa dozi mara mbili inageuza 86 kuwa 172. Unaposema "dozi ni ndogo" kwa mama wa Nakuru bila kupima mashine ya Nakuru, umeazima nambari ya watu wa mbali na kuibandika kwenye ukuta wako. Pengine ni kweli. Lakini pengine si jibu la kumpa mtu anayevua nguo mbele ya mashine.

Posta ilitosha

Msidhani Wamarekani walizaliwa na mashine nzuri. Mwaka 1976 John Bailar aliandika makala katika Annals of Internal Medicine akihoji kama mionzi ya mamografia ya wakati ule ingeweza kuua wengi kuliko inaowaokoa. Kelele zilipigwa, na zilikuwa na haki yake, maana mashine za enzi hizo zilitoa mionzi mingi. Katika miaka hiyo ya 1970 kulikuwa na mpango mmoja ulioitwa BENT. Mnajua walifanya nini? Walituma kadi zenye vidonge vya kupima mionzi kwa posta. Kituo kinapiga eksirei ile kadi, kinairudisha kwa posta, na vidonge vinasomwa kwenye maabara. Basi! Matokeo yalionyesha vituo vinatofautiana vibaya sana kwa kazi ile ile. Vile vilivyokuwa juu mno vilitembelewa na kurekebishwa.

Baadaye, mwaka 1992, ikaja sheria ya ubora wa mamografia inayojulikana kama MQSA. Chini ya sheria hiyo dozi haipaswi kuzidi 3 mGy kwa picha moja ya titi la mfano la sentimita 4.2, mwanafizikia lazima akague mashine kila mwaka, na cheti lazima kibandikwe mahali wagonjwa wanakiona. Ulaya nao wana mwongozo wao wa mwaka 2006: 2.5 mGy kwa bamba la plastiki la milimita 45, na inafaa kulenga 2.0. Mnaona mpangilio? Kwanza walipima, halafu wakalinganisha, halafu wakaweka kikomo. Hawakuanza na "msiwe na wasiwasi".

Dijitali inavyoficha

Kuna mtu ataniambia, "Lakini sasa tuna mashine za kidijitali, mambo ni shwari." Ndugu yangu, hapo ndipo pa kuogopa zaidi! Enzi za filamu, ukizidisha mionzi filamu ilikuwa nyeusi kama masizi. Mpiga picha aliona kosa lake siku ile ile. Kwenye dijitali, ukizidisha mionzi programu inarekebisha mwangaza na picha inatoka nzuri, tena safi kuliko ile ya dozi sahihi, kwa sababu chengachenga zimepungua. Daktari anaisifu. Hakuna anayelalamika. Dozi inapanda polepole mwezi baada ya mwezi kama bei ya unga, na hakuna kengele inayolia. Katika kazi yetu tunajua hatari ya mfumo unaokosea kimya kimya. Afadhali programu inayoanguka na kutoa ujumbe mwekundu kuliko ile inayoendelea kutabasamu.

Nambari iko hapo hapo!

Sasa nifike kwenye jambo lililonipandisha hasira. Mwaka uliopita shangazi yangu alipigwa mamografia katika hospitali moja ya hapa nchini, sitaitaja. Alipouliza amepata dozi gani, alijibiwa kwamba hiyo ni mambo ya ndani ya mashine, mgonjwa haimhusu. Akapewa CD na barua ya majibu (alhamdulillahi, hakuwa na tatizo). Akaniletea ile CD kwa sababu kompyuta yake ilikataa kuifungua.

Picha za hospitali huhifadhiwa kwa muundo wa DICOM. Faili ya DICOM si picha tu. Juu yake ina orodha ndefu ya lebo, kila moja na namba zake. Niliandika skripti ya Python yenye mistari isiyozidi kumi na tano nikitumia maktaba huria ya pydicom. Haya ndiyo niliyoyakuta kwenye picha moja ya titi la kushoto:

(0018,0060) volti za mtambo: 29 kV
(0018,11A0) unene wa titi lililobanwa: 58 mm
(0018,1191) shabaha: tangsteni
(0018,7050) kichujio: rodi
(0040,0316) dozi ya kiungo: 0.0162

Kumbe "mambo ya ndani ya mashine" yalikuwa ndani ya CD aliyoilipia mwenyewe! Hakuna aliyehitaji kupima kitu. Hakuna aliyehitaji kununua kitu. Kilichohitajika ni mtu wa kusoma mstari mmoja.

Lakini angalieni mtego. Ile 0.0162 si miligrei. Kiwango cha DICOM kinasema lebo hiyo iko katika desigrei, na desigrei moja ni miligrei 100. Kwa hivyo ni 1.62 mGy, nambari ya kawaida kabisa. Mtu asiyesoma maelezo atadhani ni dozi ndogo mara mia. Mtego wa pili: kila titi hupigwa picha mbili, jumla nne. Ukijumlisha zote nne unapata karibu 6.5 mGy na kumtia mama hofu ya bure. Titi la kushoto halipokei mionzi ya titi la kulia! Unajumlisha picha za titi moja: karibu 3.2 mGy kwa kila upande. Ukizidisha kwa 0.12, ambayo ni uzito wa titi kwa mujibu wa tume ya kimataifa ya ICRP ya mwaka 2007, unapata kama milisivati 0.4 kwa mwili mzima. Wastani wa mionzi ya asili duniani ni milisivati 2.4 kwa mwaka, ile inayotoka ardhini, angani na kwenye chakula. Kwa hivyo shangazi alipata mionzi ya asili ya kama miezi miwili. Nilimweleza kwa dakika tano, akaelewa, na hofu ikamtoka. Dakika tano!

Visingizio

Nimewahi kuzungumza na watu wa fani hii, na majibu yao nayajua.

"Nambari zitawatisha wagonjwa." Hapana, kinachowatisha ni ukimya. Pengo la nambari hujazwa na WhatsApp. Toa nambari, weka pembeni yake kikomo na mfano wa miezi ya mionzi ya asili, basi.

"Ni gharama." Gharama gani? OpenREM ni programu huria, imeandikwa kwa Python na Django, na kazi yake ni kukusanya dozi kutoka kwenye faili hizi na kukuchorea grafu. Orthanc ni seva huria ya DICOM inayofanya kazi hata kwenye kompyuta ya kawaida. Na kama mashine yako ni ya zamani haiandiki dozi, andika kV, mAs na unene kwenye daftari la kaunta. Mwanafizikia akishapima mionzi ya mtambo wako, lahajedwali itafanya hesabu iliyobaki.

"Tukitangaza dozi, vituo vitashindana kuishusha na picha zitaharibika." Hili ndilo la maana kati ya yote. Ni kweli, dozi ikipungua mno uvimbe hauonekani, na hapo mama amepigwa mionzi bure. Dozi ndogo isiyoonyesha saratani ni mbaya kuliko dozi kubwa kidogo inayoionyesha. Dawa yake ni kutangaza nambari mbili pamoja. Kuna kitalu cha majaribio cha ACR chenye nyuzi 6, makundi 5 ya chembe na uvimbe 5 wa bandia. Ili kufaulu, picha lazima ionyeshe angalau nyuzi 4, makundi 3 na uvimbe 3. Tangaza dozi, tangaza na alama. Hapo hakuna wa kudanganya.

Ninachodai

1. Kila barua ya majibu ya mamografia iwe na mstari mmoja: dozi ya titi la kushoto, dozi ya titi la kulia, na unene lilipobanwa, vyote kwa miligrei na milimita, si kwa desigrei.

2. Ripoti ya mwisho ya mwanafizikia ibandikwe ukutani pale mapokezi, ikiwa na tarehe, pamoja na vile vibali vya biashara na picha ya rais.

3. Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ichapishe kila mwaka dozi za kati za kila kituo katika jedwali ambalo mtu yeyote anaweza kulipakua. Faili ya CSV inatosha, wala sihitaji tovuti yenye picha zinazocheza.

Na wewe msomaji, usingoje serikali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 26, inakupa haki ya kupata data zako zilizo mikononi mwa wengine. Dozi yako ni data yako. Mama, dada au mkeo akienda kupimwa, aulize mambo matatu: dozi yangu ni ngapi, mashine ilikaguliwa lini, na naomba CD yangu. Aulize kwa adabu, lakini asiondoke bila jibu.

Skripti yangu nitaiweka hapa wikendi hii, ikiwa imeshabadilisha desigrei kuwa miligrei na kutenganisha kushoto na kulia. Haitumi chochote kwenye mtandao. Inasoma CD yako kwenye kompyuta yako tu. Nanyi mnaofanya kazi kwenye idara za eksirei, karibuni kwenye maoni mnisahihishe. Ila mkija, njooni na nambari.